Kula Kibandani Bila Kuugua: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kuagiza

Saa saba mchana ikifika, nusu ya Nairobi huhamia vibandani. Mafundi wa Gikomba, wapagazi wa Muthurwa, wafanyakazi wa viwandani na makarani waliovaa tai huketi kwenye benchi moja wakingojea githeri, ugali kwa sukuma wiki, wali kwa maharagwe au chapati kwa ndengu. Mombasa mambo ni yayo hayo, ila siku huanza kwa mahamri na mbaazi na kumalizika kwa viazi karai na mishkaki. Chakula hicho hushibisha, ni cha bei nafuu na wengi wetu hatuna njia nyingine ya kula mchana.

Katika chumba changu cha matibabu, swali ninaloulizwa mara kwa mara na wagonjwa wa tumbo ni hili: "Daktari, niache kula vibandani?" Huwajibu kwamba hapana haja ya kuacha, mradi wajue la kutazama. Wiki hii, msomaji, tutajifunza kutazama.

KIBANDA CHENYEWE SI MARADHI

Wako wanaoamini kwamba maradhi hukaa barabarani na usafi hukaa hotelini. Mwaka 2017 kipindupindu kilipoingia Nairobi, miongoni mwa waliolazwa walikuwamo watu waliohudhuria mikutano katika hoteli kubwa za jiji. Viini vya maradhi havijali bei ya sahani. Huingia palipo na maji machafu au mkono usionawiwa, iwe meza imetandikwa kitambaa cheupe au ni ubao uliopigiliwa misumari.

Tena kibanda kina fadhila moja ambayo hoteli nyingi hazina: jiko lake liko wazi. Unaona moto, unaona sufuria na unaona mikono ya anayepakua. Hotelini mlango wa jiko umefungwa, nawe huna budi kuamini tu. Kwa hiyo mteja wa kibandani anaweza kukagua chakula chake kila siku, bila barua wala ruhusa ya mtu. Anachohitaji ni kuyajua mambo manne: joto, muda, maji na mikono.

JOTO NA MUDA

Viini vingi vinavyoleta kuhara hufa chakula kinapopikwa hadi ndani kabisa kifikie nyuzi 70 za Selsiasi. Katika baridi ya friji, chini ya nyuzi 5, viini havifi lakini kuzaana kwake hupungua sana. Hatari iko katikati, kati ya nyuzi 5 na 60, yaani chakula kilicho vuguvugu au kilichopoa mezani. Hapo kiini kimoja chaweza kugawanyika kuwa viwili kila baada ya dakika 20. Piga hesabu: kiini kimoja saa tatu asubuhi kitakuwa zaidi ya viini milioni mbili ifikapo saa kumi jioni. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe zaidi ya saa mbili nje ya moto au friji.

Watu wengi hudhani kwamba kupasha chakula moto hurekebisha kila kosa. Si kweli. Kuna aina ya viini vinavyokaa katika mchele vikiwa vimejifungia ndani ya ganda gumu lisiloharibiwa na kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe polepole, viini hivyo huamka, huzaana na kutoa sumu. Aina nyingine hukaa puani, katika majipu na katika vidonda vya mikono ya binadamu. Vikiangukia chakula vuguvugu navyo hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata chakula kikichemshwa upya. Aliyekula hutapika saa chache tu baadaye. Kwa hivyo muuzaji anayekwambia "Ngoja nikupashie" amefanya vyema ikiwa chakula kilipikwa muda mfupi uliopita. Lakini ikiwa ni cha jana na kililala juu ya meza, moto wake hautakusaidia.

CHAKULA GANI, SAA NGAPI?

Githeri, maharagwe, ndengu na supu ya mifupa huchemka kwa muda mrefu. Ukipakuliwa kutoka sufuria inayotokota mbele ya macho yako, unakula chakula salama kuliko saladi ya hoteli. Wasiwasi ni ile sufuria iliyoepuliwa asubuhi na kuwekwa kando.

Wali huliwa mapema. Hotipoti nzuri huhifadhi joto, lakini ikifunguliwa bila mvuke kutoka, agiza ugali uliosongwa sasa hivi.

Chapati na mandazi hupikwa kwa joto kali na ni vikavu, nao ukavu huzuia viini kuzaana. Tatizo lake ni vidole vinavyovishika baada ya kupokea noti na sarafu. Omba vichukuliwe kwa koleo au kwa karatasi safi. Na ukimaliza kulisoma gazeti hili, usilipeleke kibandani kufungia mandazi: wino na uchafu wa karatasi kuukuu hushikana na mafuta.

Yai la kuchemsha likiwa ndani ya ganda lake ni miongoni mwa vyakula salama zaidi barabarani. Mambo huharibika linapopasuliwa kwa kisu kilichofutwa kwa kitambaa cha tangu asubuhi, kisha likajazwa kachumbari. Nyanya, vitunguu na dania havipiki. Kama vilioshwa kwa maji machafu, uchafu huo unaula. Ni vivyo hivyo kwa smoki. Kula kwa chumvi, au ngoja ukatiwe kachumbari mpya mbele yako.

Mutura na mishkaki lazima ziive hadi katikati. Tazama ubao wa kukatia: je, ndio uliokatiwa nyama mbichi? Tazama pia chumvi. Iwapo kila mteja huchovya kipande chake, na vidole vyake, katika fungu moja la chumvi, wewe omba ya kwako pembeni.

Viazi karai vinavyotoka katika mafuta ya moto havina shida, ila ukwaju wake huongezwa maji, na maji hayo huenda hayakuchemshwa. Kadhalika juisi na barafu. Kugandisha maji hakuui viini, huvilaza tu.

Kwa upande wa matunda, ndizi na chungwa unalomenya mwenyewe ni bora kuliko tikiti maji lililokatwa vipande na kuachwa juani.

MAJI NA MIKONO

Vibanda vingi havina mfereji. Maji hununuliwa kwa mitungi ya lita 20, na mtungi mmoja hufanya kazi ya kupikia, kunywa, kuosha mboga, kusuuza sahani na kunawa. Mwenye kibanda akiona mtungi unakwisha, hubana. Anayebaniwa ni beseni la kuoshea sahani, nalo hugeuka kijivu kabla ya saa nane.

Tazama beseni hilo. Yanapaswa kuwa mawili: moja la sabuni na la pili la kusuuza, na maji yabadilishwe mara kwa mara. Kama hupendezwi na unachokiona, njoo na chombo chako kutoka nyumbani. Wauzaji wengi hukipenda, maana unawapunguzia sahani ya kuosha.

Kunawa kwenye beseni moja la maji kwa watu kumi ni kugawana uchafu. Maji yapaswa kutiririka. Mtungi wenye bomba dogo hutosha, au kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotobolewa na kufungiwa kamba ya kukanyaga kwa mguu. Chombo hicho hakihitaji fundi na hutumia maji kidogo sana. Kisipokuwa na sabuni karibu, kazi yake ni nusu.

Maji ya kunywa yasitolewe kwa kuchovya kikombe ndani ya ndoo. Yawe yamechemshwa, au yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa nusu saa. Usipokuwa na hakika, beba chupa yako, au kunywa chai, kwani imechemka.

Aidha usisahau kwamba mikono ya mwisho kugusa chakula ni yako. Umeshika vyuma vya matatu, umeshika noti, umeshika simu. Msomaji anayemlaumu mama wa kibanda huku amekula chapati bila kunawa huenda amejiambukiza mwenyewe. Kulipa kwa simu baada ya kula, badala ya kupokezana sarafu katikati ya kupakua, kunamsaidia yeye na kunakusaidia wewe.

MWENYE KIBANDA NI NANI?

Hapa ndipo mafunzo mengi ya afya yanapokomea, nami naona ndipo yanapopaswa kuanza. Huyu anayekupakulia aliamka saa kumi alfajiri. Amenunua mboga sokoni kukiwa na giza, amebeba makaa na amelipia maji. Amesimama kando ya moshi tangu kuche, na moshi huo unamwumiza macho na kifua kuliko unavyokuumiza wewe unayepita. Mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kula, au hali kabisa hadi jioni. Choo kilicho karibu hulipiwa, au kiko mbali hata hawezi kuacha sufuria peke yake.

Nayaeleza haya kama daktari. Mahali pasipo na choo wala maji ya kunawa, hata mtu msafi kupita wote atashindwa kuosha mikono kila inapohitajika. Na mtu anayejua kwamba wakati wowote askari wa kaunti wanaweza kumfukuza hatajenga sinki wala rafu ya vyombo. Ataweka vitu vichache anavyoweza kubeba akikimbia. Usafi wa sahani yako unategemea pia kama jiji limempa nafasi ya kusimama.

Jambo gumu kuliko yote ni ugonjwa wake mwenyewe. Mpishi anayehara au kutapika hapaswi kushika chakula cha watu mpaka zipite saa 48 tangu kuhara kukome. Mwenye jipu au kidonda kidoleni akifunike kwa plasta isiyopitisha maji, au amwachie mwingine kupakua. Mwenye kikohozi kilichopita wiki mbili akapimwe kifua kikuu. Ushauri huu ni rahisi kuandika. Lakini kwake siku mbili bila kufungua maana yake ni siku mbili bila mapato, mtaji ukaliwa nyumbani, na wateja wakahamia kwa jirani. Ndiyo sababu wengi huja kazini wakiwa wagonjwa, wakinyamaza.

Wateja wake wa kila siku wanaweza kubadilisha jambo hili. Lipa deni lako kwa wakati, kwa kuwa yule anayewadai watu kumi hawezi kufunga hata akiugua. Asipofungua siku mbili, rudi ya tatu. Mkiwa watu kumi wa ofisi moja mnaokula kwake, changeni mumnunulie mtungi wenye bomba na sabuni. Gharama yake ni ndogo kuliko kulazwa kwa mmoja wenu siku moja.

Sheria ya Kenya humtaka kila anayeshughulikia chakula cha kuuza apimwe na kupewa cheti cha afya, na cheti hicho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Kina maana kubwa, hasa kwa homa ya matumbo ambayo wengi huiita taifodi. Baadhi ya waliopona taifodi huendelea kubeba viini vyake katika kibofu cha nyongo kwa miaka mingi bila kuumwa. Mpishi Mary Mallon wa New York, aliyetambuliwa kuwa mbebaji mwaka 1907, alikuwa mwenye afya njema kwa kumtazama ilhali watu katika nyumba alizopika waliugua moja baada ya nyingine. Hata hivyo cheti ni habari za siku ya kupimwa. Hakinawi mikono kwa niaba ya mtu.

MWULIZE KWA HESHIMA

Wengi huona haya kuuliza, wakala wakiwa na shaka, kisha wakalalamika hospitalini. Maneno machache ya adabu yatosha: "Mama, nipakulie ile inayochemka." "Dada, nikatie kachumbari mpya, nitangoja." "Mzee, maji haya yametiwa dawa?" Mwuzaji mwema hakasiriki. Atainua kifuniko akuonyeshe, na kesho atakuwekea kabla hujauliza. Akifanya vizuri, mwambie, tena mbele ya wengine. Sifa ya mteja huongeza wateja, nayo humfanya jirani aige. Akikujibu kwa ukali na kuficha sufuria, ondoka bila ugomvi.

TUMBO LIKIVURUGIKA

Mgonjwa hulaumu chakula cha mwisho alichokula. Mara nyingi hukosea. Sumu ile ya chakula vuguvugu hutapisha ndani ya saa chache. Kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku 5. Taifodi huchukua wiki moja hadi tatu. Ukianza homa leo na ikathibitishwa kuwa ni taifodi, usimlaumu muuza samaki wa jana.

Kinachoua katika kuhara ni kupungukiwa na maji. Anza mara moja kunywa maji ya ORS yanayopatikana katika maduka ya dawa na vituo vya afya. Usipoyapata, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Usizidishe chumvi. Kunywa kidogo kidogo hata ukitapika, na uendelee kula.

Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona haya: kuhara damu, kuhara maji mengi yanayofanana na maji ya kuoshea mchele, kutapika kila unachokunywa, mkojo kupungua au kukatika, kizunguzungu unaposimama, au homa iliyozidi siku 3. Mtoto mchanga, mzee na mama mjamzito wasingojee dalili hizi.

Neno moja kuhusu taifodi. Kipimo cha Widal kinachofanywa katika maabara nyingi ndogo hutafuta kinga iliyomo katika damu, wala hakitafuti kiini chenyewe. Aliyewahi kuugua zamani, au mwenye homa nyingine, anaweza kuambiwa ana taifodi ilhali hana. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kile cha kuotesha viini kutoka katika damu, nacho hufanywa kabla ya kumeza dawa. Kununua viuavijasumu ovyo kila tumbo linapouma huzalisha viini sugu, na taifodi sugu tayari tunayo nchini. Habari njema ni kwamba mwaka 2025 Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya taifodi. Mpeleke wako kliniki.

Ukipata nafuu, rudi kwa mwenye kibanda umweleze faraghani ulichokula na saa uliyokula. Huenda wewe ni wa kwanza kumwambia. Mkiwa wengi mlioshikwa baada ya chakula kimoja, mjulisheni afisa wa afya ya umma wa eneo lenu siku hiyo hiyo, maana pengine maji ya mtaa mzima yameingiliwa na uchafu.

WANAOPASWA KUJIHADHARI ZAIDI

Kinga ya mwili hutofautiana. Wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, wazee, wenye virusi vya UKIMWI, wenye kisukari na wenye ugonjwa wa selimundu wale vyakula vya moto pekee, na wajiepushe kabisa na kachumbari ya barabarani, juisi na barafu. Waongezwe katika orodha hiyo wale wanaomeza dawa za kupunguza asidi ya tumbo kwa ajili ya vidonda. Asidi hiyo ni mlinzi anayeua viini vingi mlangoni, na dawa humdhoofisha.

KWA UFUPI

Kabla ya kuagiza, jiulize:

1. Je, chakula kinatoa mvuke, au kimepoa?
2. Kilipikwa saa ngapi?
3. Kinashikwa kwa koleo, au kwa mkono unaoshika pesa?
4. Sahani zinaoshwa kwa maji ya namna gani?
5. Pana maji yanayotiririka na sabuni, na je, mimi nimenawa?
6. Anayenipakulia ni mzima leo?

Swali la sita ni nadra kuulizwa. Anza nalo kesho mchana, kabla ya kuuliza bei: "Mama, umeamkaje?" Kisha ngoja jibu.

Wiki ijayo tutazungumzia maji ya kunywa nyumbani: kuyachemsha, kuyatia dawa na kuyahifadhi.